Bampa Lisilo na Tundu la Hendeli

Mimi ni mtu wa hasira, najijua, na hasira zangu nimezimalizia kwa watu wasiostahili. Aliyestahili ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo ukinisikia nafoka katikati ya habari hii, ujue namfokea Josephu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Songea aliyekuja Mtwara akajiona kana kwamba kabla yake hakuna aliyewahi kushika nyundo.

Mwaka ulikuwa sabini na tano. Nilikuwa kwenye karakana moja ya serikali, naishi Likombe na mke wangu Veronika. Kati ya magari tuliyoyatunza lilikuwepo Landrova refu la idara ya afya. Hilo ndilo lililobeba wagonjwa kutoka vijiji vya pwani, huku chini mpaka mdomo wa Ruvuma. Dereva wake aliitwa Athumani, mzaliwa wa Msimbati, mtu mzima wa maneno machache. Alikuwa analipangusa gari lile kila asubuhi, kisha anakagua maji, anakagua oili, anachungulia chini ya kiti kama hendeli ipo, ndipo anasaini fomu.

Hendeli ni kile chuma kirefu kilichopindwa. Unakipenyeza kwa mbele, chini ya rejeta, mpaka kinakamata injini, unakizungusha kwa mkono na gari linawaka hata betri ikiwa imechoka. Betri zetu miaka ile zote zilikuwa zimechoka. Hakuna dereva wa Mtwara aliyethubutu kutoka nje ya mji bila hendeli.

Basi, bampa la mbele la Landrova lile likaliwa na chumvi ya bahari. Ukiligusa linabaki mkononi vipande vipande. Dar es Salaam wakaandikiwa barua, jibu likaja baada ya miezi mitatu: bampa hakuna, fedha za kigeni hakuna, jitegemeeni. Mkubwa wetu wa karakana akaisoma barua mbele yetu sote, kisha akanigeukia. "Ndugu Josephu, unaweza?"

Kuniuliza mimi kama naweza! Nilijibu ndiyo kabla hajafunga mdomo.

Nilipata mabomba ya maji ya inchi mbili yaliyobaki kwenye mradi mmoja ulioishia njiani. Kupinda bomba si kazi ya mwenye haraka. Unalijaza mchanga mkavu, unaushindilia, unaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, halafu unalipasha kwenye mkaa mpaka liwe jekundu, ndipo unalipinda taratibu kwenye ringi kuukuu ya lori. Bila mchanga linabonyea. Mchanga ukiwa na unyevu, kigingi kinaruka na kinaweza kukutoa jicho. Mchanga wangu niliukaanga mwenyewe kwenye karai, nikauchekecha mara mbili. Ufundi nilikuwa nao, hilo silikatai hata leo.

Mabomba yale yalikuwa yamepakwa zinki, na moshi wa zinki ni sumu. Siku ya kwanza ya kuchomelea nilirudi nyumbani natetemeka, meno yanagongana. Sisi wachomeleaji tuliamini dawa yake ni maziwa, na maziwa hayakuwepo. Veronika alizunguka Chikongola nzima, duka baada ya duka, akapata kopo moja kwa kubembeleza. Nilikunywa huku namsimulia bampa litakavyokuwa. Maskini mke wangu, alisikiliza yote.

Lilitoka zuri. Bomba moja juu, moja chini, ncha zimepinda kuelekea ndani, nguzo nne fupi zinayashikanisha. Boliti za maana hazikupatikana, nikalichomelea moja kwa moja kwenye chesisi. "Hili halitoki mpaka gari lizikwe," niliwaambia wenzangu. Katikati ya mabomba mawili palikuwa na pengo la upana wa kiganja, na hendeli ilipita pale bila shida yoyote. Ningeacha hapo hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini Sabasaba ilikuwa inakaribia. Magari na mashine zingepangwa uwanjani, viongozi wapite, wananchi watazame. Mimi nikaona pengo lile ni tupu mno. Nikachukua kipande cha bati nene la chuma, nikakata herufi kwa tindo, moja moja, nikazipachika juu yake: KUJITEGEMEA. Bati lote nikalichomelea katikati ya bampa, pande zote nne, nikapaka rangi ya kijani. Wenzangu walipiga makofi. Kichwa kilinivimba, nakwambia, karakana nzima niliiona ndogo.

Athumani alilizunguka gari, akachuchumaa mbele yake. "Kazi nzuri sana, fundi," akasema. "Sasa hendeli itapita wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesahau! Fundi mzima nilikuwa nimesahau, na badala ya kusema nimesahau, nikapandisha sauti. "Hendeli? We Athumani, utaendesha kwa hendeli mpaka lini? Betri mpya imefungwa juzi tu. Nyie watu wa pwani mkizoea kitu hamkiachi!"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaweka kidole kwenye bati. "Tundu dogo tu, fundi. Hapa."

Kidole chake kilikuwa katikati kabisa ya neno. Nikasema kwa sauti, makusudi, wote wasikie: "Unataka nitoboe kujitegemea? Hebu sema vizuri, Athumani. Unataka nikatoboe neno hili siku ya Sabasaba, viongozi wanaangalia?"

Hapo nilijua ninachokifanya, usidhani sikujua. Mwaka ule vijiji vilikuwa vinahamishwa, watu wanapimwa kwa maneno yao, na hakuna mtumishi ambaye angesimama hadharani kulipinga neno lile. Nilimziba mdomo mtu mwenye haki kwa neno zuri. Hilo linaniuma kuliko hata tundu lenyewe. Aliinuka, akajipangusa magoti, akasema, "Haya." Baadaye, tukiwa wawili, nikamwambia kwa chini kwamba Sabasaba ikipita nitatoboa.

Sabasaba ikaja. Mgeni rasmi alisimama mbele ya Landrova, akalipigapiga bampa kwa mkono, akasema hivi ndivyo Tanzania itakavyojengwa. Mkubwa wetu akapigwa picha amelishika. Mimi nikapewa cheti chenye mhuri, nikakiweka kwenye fremu. Athumani aliniuliza habari ya tundu wiki ile, nikamwambia kesho. Akaniuliza tena mwisho wa mwezi, nikamwambia hivi huoni nina kazi. Hakuniuliza mara ya tatu.

Mwezi wa nane, asubuhi, alifika mtu wa baiskeli kutoka Msimbati, ametota jasho. Kuna mwanamke ana uchungu tangu jana alfajiri na mtoto hatoki. Huyo mwanamke ni Mwanakombo, dada yake Athumani, tumbo moja. Ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Athumani alitoa gari pamoja na nesi Modesta. Na mimi nikapanda. Unajua kwa nini nilipanda? Kiherehere. Njia ya Msimbati ina vichaka na visiki vya mikorosho, na mimi nilitaka kuona bampa langu likivipasua. Nilimwambia mkubwa kwamba gari likiharibika afadhali fundi awepo. Nikachukua spana tatu na bisibisi, sanduku la vifaa nikaliacha.

Njia nzima nilikuwa nachungulia kioo cha mbele. Kila kichaka kilicholala nilisema, "Umeona? Umeona?" Athumani aliendesha kimya, midomo inatikisika. Nadhani alikuwa anaomba dua. Saa sita tukafika.

Amri wakati ule ilikuwa gari likisimama, injini izimwe, maana petroli ilikuwa ya kupimiwa. Athumani akazima. Modesta akaingia ndani, akatoka mbio. "Abebwe sasa hivi, asingoje hata chai." Mwanakombo akatolewa juu ya kitanda cha kamba, akalazwa kwenye kiti cha nyuma, kanga mdomoni anaing'ata asipige kelele. Athumani akapiga stata.

Tik.

Akapiga tena. Tik. Ile betri mpya, niliyotamba nayo mbele za watu, ilikuwa imekwisha nguvu ya kuzungusha injini. Ikabaki na nguvu ya taa, hafifu, na ya kutoa cheche. Yaani hasa ile hali ambayo hendeli ilitengenezwa kwa ajili yake.

Tukasukuma. Kijiji kizima kilikuja, wanaume kwa wanawake, wengine wameacha mihogo juani. Lakini Msimbati ni mchanga mtupu. Gari lilikuwa linasogea hatua mbili na kuzama, ukitia gia matairi yanaburuzika yamekaza, hayazunguki. Tulisukuma mpaka watu wakalala chini wanahema. Kutoka ndani ya gari nikasikia kanga imemtoka Mwanakombo mdomoni.

Athumani akachukua hendeli chini ya kiti. Akaja nayo mbele, akasimama na kile chuma mkononi, mbele ya bati la kijani. Akasema polepole, bila kunitazama, "Fundi, ndilo lile tundu nililokuomba."

Ningekuwa na pa kuingia ningeingia. Nilitamani mchanga ule unimeze mzima mzima. Sikusema hata neno. Nilikimbia nyumba hadi nyumba natafuta tindo, nani ana tindo, jamani, hata patasi? Walikuwa na mapanga na majembe. Mzee mmoja akanipa kifuo chake, kile chuma chenye ncha cha kufulia nazi, akaking'oa chini alipokuwa amekisimika. Nyundo nikapata ya seremala wa mitumbwi.

Nikapiga magoti mbele ya kazi yangu. Wewe fikiria: nilikuwa nimechomelea kwa mikono yangu, pande zote nne, bila kuacha hata upenyo, na sasa nalipigania lile bati na ncha ya kufulia nazi. Ncha ikapinda. Nikainyoosha juu ya jiwe, nikapiga tena. Mikono ikachanika, damu ikawa inateleza kwenye nyundo. Watu wakanizunguka wananitia moyo. "Piga, fundi! Mungu akupe nguvu!" Mwanamke mmoja akawa ananipepea kwa upande wa kanga. Walidhani naokoa. Kila pole yao ilinichoma kuliko moto wa zinki, na sikufungua mdomo kuwaambia.

Ilikuwa saa tisa kasorobo bati lilipotoboka. Athumani akapenyeza hendeli, akazungusha mara mbili tu. Gari likawaka. Mara mbili! Watu wakashangilia, wakanibeba juu.

Tulifika hospitali jua linazama. Mwanakombo alipasuliwa, akapona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekufa. Modesta alitoka akaegemea ukuta, akasema, "Tungewahi kwa saa mbili, labda." Hakumwambia mtu maalumu. Athumani akasema, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," akaenda kukaa kwenye ngazi. Nilitaka kwenda kukaa naye, sikwenda.

Wiki iliyofuata tukaitwa ofisini, Athumani na mimi. Mkubwa alikuwa na fomu mezani. "Hendeli ilikuwepo garini?"

"Ilikuwepo," Athumani akajibu.

"Sasa kwa nini mlikawia saa tatu nzima?"

Athumani akanigeukia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananingoja, basi, amenipa nafasi yangu niseme. Na mimi nikatazama kalenda ukutani. Nikaitazama nikasoma tarehe zote, Jumatatu mpaka Jumapili. Mkubwa naye si mjinga, bampa lililotobolewa alikuwa ameshaliona, ila na yeye alipigwa picha amelishika. Nani kati yetu angeandika kwenye faili la serikali kwamba neno KUJITEGEMEA lilizuia gari la wagonjwa?

"Mimi ndiye dereva," Athumani akasema mwishowe. "Nilisaini kwamba gari liko tayari."

Wakamvua udereva. Akapewa kazi ya kufungua na kufunga geti la karakana, akiwafungulia madereva aliowafundisha mwenyewe. Kila asubuhi alinifungulia na mimi. Vijana wakishampa "shikamoo" yao, ananisalimu, "Habari za nyumbani, fundi?" Namjibu nzuri, napita haraka. Mimi nilibaki na kazi yangu na cheti changu. Bampa nililitoboa tundu zuri la duara, nikalipiga msasa. Baada ya mwaka mmoja aliacha geti, akarudi Msimbati kwenye mikorosho yake.

Unadhani hapo nilisema? Sikusema. Nilichofanya ni kununua sukari. Sukari ilikuwa ya foleni, mnapanga tangu asubuhi dukani mnapata kilo moja moja. Kila Idi ya Ramadhani, mimi Mkristo, nilikuwa nadandia lori kwenda Msimbati na kilo moja ya sukari kumpelekea Mwanakombo. Alikuwa anaishi kwa kaka yake, mumewe alishamwacha, na mtoto mwingine hakupata. Ananipokea kwa mikono miwili, ananishukuru, tunaongea habari za mvua na bei ya korosho. Narudi Likombe moyo umepoa kidogo. Miaka minne nilifanya hivyo, mtu mzima na akili zangu.

Idi ya nne Athumani alikuwa shambani. Mwanakombo akaipokea sukari, akaniambia, "Kaa, fundi, leo usiondoke upesi." Akaingia ndani, akatoka na kikapu. Ndani yake mlikuwa na pakiti tatu za sukari, zimegandamana, ngumu, karatasi zimeshaingia manjano. Akaiweka na ya nne juu yake, akanisogezea.

"Hatujawahi kuionja," akasema.

Nikauliza kwa nini.

"Siku ile nilikuwa naumwa, fundi, sikuwa kiziwi. Nilikuwa mle ndani ya gari. Nilimsikia kaka yangu anavyokwambia, ndilo tundu nililokuomba. Na wewe nikakusikia unavyonyamaza." Alisema taratibu, anakunja upindo wa kanga yake. "Idi ya kwanza nikasema, leo atasema. Ya pili nikasema, anaona haya, atasema. Ukaleta sukari tena."

"Dada Mwanakombo, naomba unisamehe. Ni mimi."

"Usianze na mimi. Mwanangu Mungu ndiye anayejua kama angeishi au asingeishi. Kaka yangu je? Kaka yangu ni ntu wa haya, hawezi kukuomba. Anaamka alfajiri mpaka leo anatafuta kitambaa cha kupangusia gari, halafu anakumbuka. Kama una neno, lipeleke kule ulikolinyamazia."

Nililia, sifichi. Nilibeba kikapu kile mpaka barabarani, lori likaja, nikapanda nacho.

Jumatatu nilikwenda ofisini kabla sijavaa ovaroli. Mkubwa alikuwa mwingine, yule wa kwanza alishahamishwa. Nikasema yote: bati, tundu, maneno niliyomwambia Athumani mbele ya watu, kalenda. Aliandika ukurasa mzima. Alipomaliza akauliza, "Ndugu Josephu, ilikuchukua miaka minne kwa nini?"

Walikuwa watu wa haki. Hawakunifukuza, walinishusha daraja, na Athumani akaandikiwa barua arudi kwenye usukani, ilimradi apimwe kwanza kama sheria inavyotaka. Nilimpokea mwenyewe aliposhuka kwenye lori mjini, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kitambaa cha kupangusia gari kimekunjwa mfukoni. Nilimwomba radhi pale pale mbele ya abiria. Alinishika bega, akasema yamepita. Tukaenda pamoja hospitali.

Mganga alimsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Athumani akasoma mstari wa juu. Wa pili akaubahatisha. Wa tatu akasogeza shingo mbele, akashindwa. Mganga akamwangalia kwa kurunzi, akatikisa kichwa, akaandika kwenye karatasi kwamba macho yote mawili yana mtoto wa jicho na hafai kuendesha gari.

Tulitoka nje. Jua lilikuwa kali, akawa anajikinga kwa mkono.

"Ukungu huu ulinianza mwaka juzi tu, fundi," akasema. "Ungekuja ule mwaka wa kwanza, ningepita."

Hakusema kwa ubaya. Nikamshika mkono nimvushe barabara. Akauondoa taratibu, akavuka mwenyewe.